Cherehani Iliyogoma Ghorofani: Nani Aiguse Kwanza?

Hoja iliyo mezani: cherehani ikikwama, mwenyewe aifungue nyumbani kabla ya kumpelekea fundi au kununua nyingine.

Utangulizi wa mwenyekiti

Jumeirah Lake Towers haikujengwa kwa ajili ya washonaji. Minara yake imepangwa kwa vikundi vyenye herufi, kuanzia A hadi Z, kandokando ya maziwa yaliyochimbwa na binadamu. Mnara wa Almas, wa wafanyabiashara wa almasi, una kisiwa chake peke yake. Eneo lote liko chini ya DMCC, mamlaka iliyoundwa mwaka 2002 kusimamia biashara ya dhahabu, almasi, chai na bidhaa nyingine za namna hiyo. Anayetafuta fundi wa nguo Dubai huelekezwa Satwa, Karama au Bur Dubai. Hata hivyo nyuma ya vioo hivi wanaishi pia watu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Kampala, na wengine wao wamekuja na cherehani zao, kwa kuwa dera la kununua dukani halikai kama la kushona mwenyewe.

Wasemaji wetu watatu ni wa kubuni, lakini mashine, mji na hoja zao ni vya kweli. Shangazi ni mama wa Kimombasa anayeshonea jamaa na marafiki. Mhasibu ni mtoto wa kaka yake, anafanya kazi katika kampuni ya minara hiyohiyo. Fundi ni mtu wa Tanga, yuko karakana moja ya Satwa. Cherehani inayozozaniwa ni ya chuma, nyeusi, ya umbo lile la Singer namba 15 ambalo viwanda vya Japani, China na India vimeliiga kwa miaka mingi, nayo imefungwa mota ndogo ubavuni. Ilitoka Mombasa. Plagi ya Kenya na ya Dubai ni ya namna moja na umeme unakaribiana, basi tusiusingizie umeme. Gurudumu halizunguki. Shangazi, anza.

Duru ya kwanza

SHANGAZI: Ahsante, mwenyekiti. Mimi nasema mashine hii iliumbwa ifunguliwe na mshonaji. Tazameni hapa chini ya sindano. Kuna vishikizo viwili vidogo. Ukivisukuma kando pete yatoka, na ndoano inayokamata uzi yatoka nayo. Hapana bisibisi, hapana nyundo. Aliyeitengeneza alijua kwamba uzi utanasa humu, akamwachia mshonaji mlango. Haya, tazameni na juu ya kichwa: vitundu vya mafuta, kimoja, cha pili, cha tatu. Ikiwa ni fundi tu wa kuigusa, vitundu hivi vyangoja nini?

Isaac Singer alipata hataza yake mwaka 1851, na kampuni yake ikatajirika kwa kuwauzia watu wa majumbani, walipe kidogokidogo. Mashine ilikuja na kijitabu, na kijitabu kilimfundisha mwenye nyumba kutia mafuta, hata kutumia mafuta ya taa kuyalegeza ya zamani yaliyogandamana. Hayo aliambiwa mteja, si fundi. Kwetu barazani mtu hushona kutwa, jioni akafunua, akafuta, akatia tone, akafunika. Hajaambiwa na mtu kwamba avunja sheria.

MHASIBU: Shangazi, kwa heshima zako zote, mimi naomba tupige hesabu. Cherehani ya kawaida ya nyumbani inauzwa mji huu kwa mia chache za dirham, na mtu anakuletea hadi mlangoni. Hii yako uzito wake unazidi kilo kumi. Ukitaka kuifungua, wapi? Kwenye meza ya kulia, juu ya zulia la mwenye nyumba. Doa moja la mafuta meusi, siku ya kuhama linakatwa kwenye amana yako. Umetaja mafuta ya taa. Madirisha ya ghorofa hizi hufunguka upana wa kiganja tu, hewa inazungushwa na kiyoyozi, na mota ya cherehani ikizunguka hutoa cheche ndani yake. Kijitabu cha Singer kiliandikiwa nyumba yenye ua na mlango wa nyuma. Hapa uko juu, na chini yako kuna watu.

Halafu kuna wakati wako. Nguo za harusi ya mwisho wa mwezi haziwezi kungoja ujifunze ufundi wa vyuma. Sisemi uitupe. Iweke iwe pambo, ushone kwa mpya.

SHANGAZI: Pambo! Marehemu bibi yako alisomesha watoto kwa pambo hili?

MWENYEKITI: Fundi, nafasi yako.

FUNDI: Bi mkubwa, mimi nakupinga, ila si kwa sababu za kijana. Kwangu hazifiki mashine zilizokwama tu. Hufika mashine zilizokwama, kisha zikatengenezwa. Mtu analeta kichwa kwenye mfuko mmoja na skrubu kwenye kikombe, ananiambia, "Fundi, kitu kidogo tu." Kile kidogo kingenichukua nusu saa. Sasa ni kazi ya kutwa.

Watu hawaelewi kwamba cherehani ni mapatano ya vitu viwili. Sindano inashuka hadi mwisho, inaanza kupanda, na inapopanda milimita 2 hivi uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu lake. Ncha ya ndoano lazima ipite pale, wakati ule, ikidake. Ikichelewa kidogo, hakuna mshono. Mapatano hayo yameshikwa na skrubu chache: ya nguzo ya sindano, na zile za shafti ya chini. Mwenye nyumba hazijui. Anaona skrubu, anadhani ndiyo inayobana, anailegeza. Gurudumu linabaki zito vilevile, na sasa hata likizunguka mashine haishoni. Mtu mwingine hulikamata gurudumu kwa koleo. Kwa chuma cha zamani unapinda kitu. Kwa hizi mpya anazozisifu kijana, unavunja gia ya plastiki. Mimi ningepewa ruhusa ningeandika kwenye kila gurudumu: usilazimishe.

Maswali

MWENYEKITI: Mpaka sasa nimesikia nani atengeneze. Sijasikia mashine ina nini. Fundi, ungeuliza nini kama ingekuwa mezani kwako?

FUNDI: Ningeuliza imekwamaje. Yako makwamo mengi. Ilikuwa inashona, ikapiga "ta!" ikasimama hapohapo? Hiyo ni uzi umenasa kwenye ndoano, au ncha ya sindano imekatika ikaangukia mle. Gurudumu linakwenda mbele kidogo na nyuma kidogo, kisha linagota mahali palepale kila mara? Kuna kitu kimezuia, au kitu kimevunjika. Linazunguka, ila linakwaruza kama lina mchanga? Kutu. Ni zito mzunguko mzima, sawasawa, kama unakoroga ugali unaokaribia kuiva? Hayo ni mafuta yaliyogandamana. Na kama gurudumu linazunguka vizuri lakini sindano imesimama, basi mashine haijakwama kabisa: mtu alijaza bobini akasahau kuikaza tena ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu.

MWENYEKITI: Shangazi, yako ni ipi?

SHANGAZI: Haikupiga "ta". Ilianza kuwa nzito asubuhi. Mchana, nikishashona muda, yalegea. Kila siku uzito ukazidi, mpaka juzi mota ikanguruma, mkanda ukanuka, nikaunyanyua mguu kwenye pedali upesi. Sasa gurudumu halitaki hata kwa mikono miwili.

FUNDI: Umefanya vema kuachia. Mota inayonguruma bila kuzunguka inajiunguza. Je, kuna siku ilikuwa nyepesi?

SHANGAZI: Kuna siku moja. Kiyoyozi kiliharibika tukakaa kwenye joto mpaka fundi wao akaja. Siku hiyo nilimaliza madera mawili, mashine yakwenda kama mpya.

FUNDI: Bi mkubwa, uliitia mafuta gani?

SHANGAZI: Mafuta mazuri. Ya nazi, ya kukamua nyumbani, dada yangu wa Mtwapa alinipa. Kwetu tumeyatumia miaka yote.

FUNDI: Haya, mwenyekiti, kesi imekwisha. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye sentigredi 24 hivi. Mombasa na Tanga mchana hewa huwa juu ya hapo, kwa hiyo kwenye chupa ni maji na kwenye mashine ni maji. Nyumba ya kiyoyozi kilichowekwa 20 ni jambo jingine. Mafuta yale yanakuwa meupe, magumu, ndani ya kila kiungo. Hata kama yasingeganda, mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma huchachuka na kugeuka gundi, yakashika vumbi la nyuzi. Bi mkubwa amefunga mashine yake kwa utomvu na baridi.

MHASIBU: Basi hoja yako imeshinda, fundi. Ingekuja kwako mapema, ungeigundua mapema.

FUNDI: Hapo ndipo naanza kupata taabu, kijana. Fikiria ingeletwa kwangu. Mwezi wa nane, ndani ya buti la teksi, kutoka huku hadi Satwa, jua la zaidi ya sentigredi 40. Ikifika kwangu mafuta yameshayeyuka. Nalishika gurudumu, linazunguka. Najaribu kushona, inashona. Ningesema haina kitu, ningetia tone langu juu, ningekutoza ada ya kuangalia, ukairudisha kwenye baridi. Baada ya siku chache inagoma tena, na mimi ninaitwa tapeli.

SHANGAZI: Ehee! Waona?

Duru ya pili

SHANGAZI: Sasa niruhusuni. Fundi ameiponda hoja yake kwa mikono yake. Ushahidi wa ugonjwa huu ulikuwa nyumbani kwangu: baridi ya chumba, chupa ya dada yangu, uzito wa asubuhi, wepesi wa siku ile ya joto. Mimi ndiye niliyeushika. Ningekuwa nimekaa na mashine yangu nikaisikiliza, ningejua kabla ya mota kunguruma.

MHASIBU: Lakini hukujua, shangazi. Ulikuwa na ushahidi wote, na hukuwa na swali. Swali limeletwa na fundi. Kwa hiyo hata wewe huwezi kujiita mshindi. Na mimi bado sijashindwa. Chukua mtu mwingine wa ghorofa ya pili, mwenye mashine ya plastiki aliyoinunua mwaka jana, gia imekatika meno. Utamwambia afungue? Akiifungua, dhamana ya duka imekufa. Gia yenyewe huenda haiuzwi peke yake. Kwake, kununua nyingine si uvivu, ni akili. Nyie mnazungumza kana kwamba cherehani zote ni za bibi.

FUNDI: Hilo kweli. Mashine ya chuma ya namna hii haina kinachokufa upesi ndani yake. Ni vyuma vinavyosugua vyuma, vinaomba mafuta. Nyingi katika hizi mpya zina gia za nailoni, na zenye kompyuta zina sahani ya umeme. Huko hata mimi mara nyingine namwambia mteja asitupe fedha kwangu.

MWENYEKITI: Turudi kwenye hii iliyo mezani. Fundi, mama anaweza kuifungua nyumbani au hawezi? Jibu ukiwa hujali kipato chako.

FUNDI: Anaweza, akinisikiliza.

Kwanza, achomoe plagi kabisa. Pedali za zamani zikiharibika zinaweza kuiendesha mashine zenyewe, kidole kikiwa chini ya sindano. Pili, atoe sindano, uzi, bobini na kikasha chake. Tatu, autoe mkanda wa mota, kisha alegeze skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu. Gurudumu likizunguka peke yake, tatizo liko ndani ya kichwa. Lisipozunguka, gundi imeanzia kwenye gurudumu lenyewe. Nne, afungue vile vishikizo viwili alivyovitaja, atoe pete na ndoano, asafishe kwa brashi na kibanio. Akijaribu tena gurudumu likalegea, kumbe lilikuwa limeshikwa chini tu. Hayo yote hayajahitaji nguvu wala ufundi. Ni kumuondoa mshukiwa mmoja mmoja.

SHANGAZI: Na gundi ya ndani?

FUNDI: Joto. Drayeri ya nywele inatosha. Nyumba gani haina? Kipashe chuma, sehemu moja kwa dakika chache, mbali na mkanda, nyaya na kitu chochote cha plastiki. Mafuta ya nazi yatatoka yenyewe. Yafute kwa kitambaa kabla hayajapoa. Hapo ndipo uweke mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi, tone kwenye kila kitundu na kila mahali chuma kinapozunguka ndani ya chuma. Lishike gurudumu, lipeleke mbele na nyuma, kidogo tu, usilazimishe. Uiache usiku. Kesho tena joto, tone, futa. Mafuta yatakayotoka mwanzo ni ya kahawia. Yakitoka meupe, umefika. Mafuta ya taa sikushauri. Kijana amesema kweli: chumba kilichofungwa na mvuke wake havipatani, na nazi haiyahitaji. Ile dawa ya kopo ya kupuliza kutu nayo si mafuta ya cherehani. Italegeza leo, kisha itakauka, na chuma kitabaki kikavu. Na spiriti usiipakae kwenye maua ya dhahabu ya kichwa, vanishi yake itachubuka.

MHASIBU: Na zulia?

FUNDI: Gazeti, juu yake taulo kuukuu. Ukimaliza, acha kipande cha kitambaa chini ya mguu wa mashine. Mshono wa kwanza shonea matambara mpaka usione doa.

MWENYEKITI: Na mpaka wake ni upi? Wapi aache?

FUNDI: Skrubu yoyote inayoshika nguzo ya sindano, au iliyo kwenye shafti ya chini, asiiguse. Akisikia chuma kinagonga chuma, aache. Akiona gurudumu linagota palepale kila mara baada ya uzi wote kutolewa, aache. Mota ikitoa moshi, aache. Hapo aniletee, na aje na maelezo: ilianza lini, mafuta gani, ghafla au polepole. Maelezo hayo kwangu ni nusu ya kazi.

SHANGAZI: Na ukinasa uzi chini, fundi, kila mara nilaumu ndoano?

FUNDI: Lawama nyingi za chini zinatoka juu. Mtu anapitisha uzi mguu wa mashine ukiwa chini. Zile sahani mbili za kubana uzi zimefungana, uzi haukai katikati yake. Anashona, uzi wa juu haubanwi, unamwagika chini kama kiota. Anafungua chini, anasafisha, anarudia kosa lilelile. Nyanyua mguu kwanza, ndipo upitishe uzi.

Uamuzi wa mwenyekiti

Kila msemaji ameshinda kipande, na mimi siwezi kumpa yeyote hoja nzima jinsi ilivyoandikwa. Hoja iliuliza nani atengeneze kwanza. Mjadala umeonyesha kwamba kutengeneza huja baadaye. La kwanza ni kuujua ugonjwa, na ugonjwa huu ulijulikana kwa mambo ambayo yangebaki nyumbani hata mashine ingebebwa. Kipimajoto cha kiyoyozi hakiendi Satwa. Chupa ya Mtwapa haiendi Satwa. Mkono uliohisi uzito wa asubuhi haufungwi kwenye mfuko pamoja na mashine. Kwa mashine hii, safari ingeufuta hata huo ushahidi mdogo uliobaki.

Kwa hiyo naigawa kazi hivi. Uchunguzi ni wa mwenye mashine, kila mara, awe na chuma cha bibi au plastiki ya mwaka jana. Kuchomoa plagi, kutoa uzi na bobini, na kulishika gurudumu kwa vidole kusikia kama ni zito mzunguko mzima au linagota mahali pamoja: hayo hayaharibu dhamana ya duka wala amana ya nyumba, na asiyeyafanya atamlipa fundi kukisia. Usafishaji wa gundi ni wake pia, kama mashine ni ya chuma na yeye ana subira ya kungoja usiku mmoja au zaidi. Mapatano ya sindano na ndoano ni ya fundi, na fundi asione haya kutoza kwa hayo. Na gia ya plastiki iliyokatika meno ni ya Mhasibu: apige hesabu, na kama dukani kuna nyingine kwa mia chache, anunue bila kuhutubiwa.

Kwa Shangazi nina agizo moja la ziada. Mafuta ya nazi yabaki jikoni na kichwani. Atakayemletea mashine kutoka pwani aulizwe imetiwa nini kabla haijawekwa chini ya kiyoyozi, na jibu likiwa ni la chupa ya nyumbani, ipashwe na ifutwe siku hiyohiyo, kabla mota haijaanza kunguruma.